Sauti ya papa kwa partie deux

Leo mama alimujibu papa mbele ya watu wote, kwa salle ya filme. Papa, baba yangu, alikufa mwaka jana.

Bon, nieleze.

Munakumbuka ile filme ya kuchekesha yenye papa alicheza hapa kwetu Tshopo? Alisahau jina ya bibi yake, ule mwenye alimuoa kwa filme, akamuita "Mama Neema", sawa vile alikuwa anaita mama yangu kila siku. Watu walicheka, na wenye kutengeneza filme wakaiacha vile.

Leo wametoa partie deux, sehemu yake ya pili. Acteurs, wachezaji wa ile ya kwanza, hata mumoja hayuko. Kwa nafasi ya papa waliweka kijana na ndevu ya kubandika, anatembea sawa mutu mwenye viatu vinamufinya! Salle yote ilipiga miluzi. Mimi pia nilipiga.

Alors, kwa filme, mulango ikagongwa.

"Mama Neema! Fungua, mvua inanipiga!"

Haikuwa sauti ya ule kijana. Ilikuwa papa. Nafikiri waliikata kwa filme ya kwanza, wakaibandika pale.

Mama akasimama. "Eee, Papa Neema, niko nakuya!"

Watu wakacheka mpaka machozi. Nikamuvuta na kitenge: "Mama, ikala chini. Iko filme tu."

Lakini alikuwa anaangalia nyuma, kwa mulango ya salle.

"Neema, papa yako iko inje. Hausikie mvua?"

Mwenye alikuwa pale na alicheka, sikukasirikie. Niandikie tu: ile sauti, uliisikia mbele, kwa filme, ao nyuma, kwa mulango?

Sasa tuko nyumba. Mvua inanyesha kweli. Nilitaka kufunga mulango.

Mama amekatala.