Mtungi wa Arobaini

Ofisini walimwita Mama Vifungu, na jina hilo alilipata kwa haki. Kazi yake kule forodhani ilikuwa kupanga bidhaa. Kila kinachoingia nchini lazima kipewe kifungu chake katika kitabu cha ushuru, na wapo watu wazima wenye akili zao waliowahi kubishana wiki nzima kama kitambaa cha kufutia miguu mlangoni ni zulia au ni brashi. Yeye hakuwa na muda wa mabishano. Alikishika kitu mkononi akakihoji kama mtoto mtoro: "Wewe, kazi yako nini?" Mshumaa wenye umbo la keki? Unawaka, hauliki, basi ni mshumaa. Kwa miaka kumi na tisa swali hilo halikumwangusha, na wageni kazini aliwafundisha hilo kabla hata hawajaonyeshwa choo kilipo.

Ubaya wa mazoea ni kwamba hayabishi hodi. Yanaingia hata pasipo pao.

Jumamosi hiyo aliamka na mchecheto asioujua chanzo chake. Alifagia sebule, akaifagia tena. Akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kushinda naye, alikuwa mezani akichambua mchele na kumtazama kwa jicho la pembeni.

"Wifi, hiyo sahani imekukosea nini? Mara ya tatu hii unaiosha."

"Ina mafuta."

"Mafuta ya wapi? Bado kidogo uyafute na maua yake. Au kaka yangu kakuudhi? Sema nikamgombeze mimi, wewe sauti yako kashaizoea."

Siku nyingine angemjibu, maana kwa utani mawifi hao walikuwa ngoma droo. Leo hakucheka. Kulikuwa na jambo kichwani mwake linalokataa kutoka, na linalokataa pia kukaa kimya.

Wifi akainuka kubandika sufuria. Akafungua jiko la gesi, akawasha kiberiti, moto ukashika. Hapo hapo jambo likatoka, na Mama Vifungu akashika ukingo wa meza.

Jana, Ijumaa, alipitisha mitungi arobaini. Mfanyabiashara wa gesi ya kupikia aliinunua kwa bei ya kutupa kutoka kiwanda cha ng'ambo kilichofungwa, akaandika kwenye fomu "gesi ya kupikia", na huenda mwenyewe aliamini hivyo. Mama Vifungu akaiuliza ile gesi swali lake la siku zote. Kazi yako nini? Kuwaka. Akaipa kifungu cha gesi za petroli, njia ile ile inayopita gesi ya majumbani, na mzigo ukatoka bila kibali cha ziada. Karatasi ya maabara ilifika dakika za mwisho. Alisoma mstari wa juu, "inawaka vizuri", akaibana kwenye faili, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Lakini jicho lilikuwa limeteleza hadi chini ya karatasi, na sasa lilimsomea liliyoyaona. Hidrojeni, karibu nusu nzima. Kaboni monoksidi, sehemu kumi kwa mia. Hiyo si gesi ya petroli hata kidogo. Hiyo ni gesi ya makaa ya mawe, makaa yaliyookwa kwenye tanuri lisiloingiza hewa mpaka yakatoa gesi iliyokuwa ndani yake. Ina kifungu chake peke yake, mbali na za petroli, na mzigo wake hautoki bila kibali: ni ya viwandani, haiingii jikoni. Gesi haiulizwi inafanya kazi gani. Inaulizwa imetokana na nini, na ndani yake mna nini. Alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza kazini. Na kaboni monoksidi ikivuja haina rangi wala harufu; humlaza mtu taratibu, asiamke.

"Wifi, nakwenda."

"Unakwenda wapi na kanga moja?"

Alipiga simu kwa mfanyabiashara, haikupokelewa. Akapiga tena yuko juu ya pikipiki, akimsukuma dereva mgongoni kana kwamba hiyo ingeongeza kasi.

Msimamizi wa yadi ya mfanyabiashara huyo, mzee wa kalamu sikioni, alimpokea kwa mshangao.

"Mama, mzigo si mmeupitisha wenyewe? Mhuri wenu huu hapa."

"Nimeuona. Mitungi iko mingapi?"

"Thelathini na tisa."

"Iliingia arobaini!"

"Mmoja nimempa mpishi wa mgahawa wa nyuma ya shule, ni mteja wetu. Fundi kaubadilishia kichwa leo asubuhi ushike mpira wa jiko lake, akaujaribu. Kuna nini kwani?"

"Ni sumu, mzee. Washa gari."

Njiani roho ilikuwa juu, na aibu nayo haikukubali kubaki nyuma. Alijisikia akipanga maneno: hitilafu ndogo ya makaratasi, mzigo urudi bohari, yaishe. Akajichukia kwa kuyapanga vizuri vile.

Jiko la mgahawa lilikuwa chumba kimoja cha uani. Moto wa mtungi mpya ulikuwa ukizimikazimika tangu asubuhi, na mpishi akadhani ni upepo, akafunga dirisha na mlango. Walimkuta ameketi sakafuni, ameegemea gunia la viazi, mwiko mkononi. Jiko lilikuwa limezimika tena na kitufe kiko wazi. Mama Vifungu alifunga mtungi, akapiga dirisha teke, akamshika mwanamke yule makwapani na kumburuta hadi nje akimwita, "Dada! Dada, amka! Dada, nakuomba!"

Ilichukua muda. Kisha mpishi akakohoa, akatapika, akaomba maji. Msimamizi alijishika kiuno akihema.

"Mshukuru huyu mama wa forodha," alimwambia. "Bila yeye tungekuwa tunasema mengine."

Mpishi akamshika mkono Mama Vifungu kwa mikono yake miwili. "Mungu akuzidishie, dada. Akulindie watoto wako."

Angeweza kuitikia amina. Neno lenyewe lilikuwa tayari ulimini, tamu.

"Usiniombee, dada," alisema. "Gesi hiyo niliipitisha mimi jana. Karatasi ilisema ina sumu, na sikuisoma mpaka mwisho. Nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani."

Mpishi hakuuachia mkono, ila aliacha kuubana. Alimtazama, macho bado yamejaa machozi ya kutapika.

"Ungechelewa kidogo tu," alisema.

"Ndiyo."

"Haya. Nipelekeni hospitali. Na wewe utakaa na mimi huko mpaka wanangu waje, na hayo uliyoniambia uwaambie wewe mwenyewe. Mimi siwezi kukusemea."

Mama Vifungu alimwinua, akamwingiza garini, akaketi kando yake akimshikilia kichwa kisigonge kioo.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Watano," mpishi akasema. "Wa mwisho ana miaka minne."