Nyangwine na Walinzi wa Akiba

Nyangwine alirudi kazini siku ya tano baada ya kumzika kaka yake. Mwikwabe alikuwa amefukiwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu kule Nyakunguru, wakamtoa kesho yake. Nyangwine hakulia kaburini. Hata asubuhi hiyo, alipowasha kompyuta kwenye kile chumba cha ofisi juu ya duka la vitambaa mjini Tarime, hakusikia kitu moyoni.

Kazi yake ilikuwa kutazama mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, na kuwapima wachezaji kwa ajili ya kampuni moja ya ng'ambo. Wiki hiyo kuna timu ilikuwa imeumiziwa lainibeka wake, yule mlinzi anayesimama nyuma ya majitu ya mbele na kumwangusha mwenye mpira. Walitaka kujua: nyuma yake yupo nani?

Walikuwepo wanne wa akiba. Nyangwine aliwatazama siku tatu, mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa na mbio, lakini alidanganyika upesi. Mpira ukijifanya unakwenda kulia, naye huyo kulia. Wa pili aliusoma mchezo, ila akigongwa bega alichelewa kuinuka. Wawili wa mwisho walikuwa wa mazoezini tu. Akaandika: "Aanze wa pili. Baada yake hakuna mtu."

Saida, msimamizi wake, alisoma, akageuza kiti.

"Kaka Nyangwine, mbona wamebaki watatu hapa?"

"Wapo. Nafasi hiyo hawaiwezi."

"Pumzika kidogo basi. Msiba bado mbichi."

"Hapana, dada. Nipe timu nyingine."

Jumamosi baba yake, mzee Simioni, alimwita nyumbani Nyanungu. Wazee wa ukoo walikuwa wameshakaa kikao bila yeye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Shemeji yako Rhobi ameachiwa watoto watatu, na wewe huna mke. Utasimama mahali pa kaka yako."

Nyangwine aliwatazama ng'ombe wakipita. Angeweza kusema ndiyo, angeweza kusema hapana. Yote yangemtoka mdomoni sawasawa.

"Nitamuuliza mwenyewe," akasema.

Rhobi, mjane wa Mwikwabe, alikuwa anapepeta mtama. Hakuinuka.

"Shemeji, wewe unanitaka?"

"Sijui. Tangu siku ile sisikii chochote."

"Hata mimi." Akapuliza makapi. "Basi usinioe. Nyumba ya watu wawili wa namna hii, watoto watapata wapi joto? Uwe unakuja Jumamosi, unitengenezee zizi. Fisi wanaingia."

Mzee Simioni alipoambiwa, alichukua fimbo yake akaondoka. Miezi mitatu hakumsemesha mwanawe.

Nyangwine alikwenda kila Jumamosi. Alichimbia nguzo, akafunga miiba, akala alichopewa, akarudi mjini. Rhobi hakumuuliza hali yake, naye hakumuuliza Rhobi. Watoto walizoea kumkimbilia njiani, na yeye akazoea kuwabebea miwa.

Wakati wa mavuno alikuwa juu ya ghala la Rhobi, anaezeka, mzee Simioni alipotokea. Mzee alisimama kitambo, anatazama juu.

"Nyasi umezilaza vibaya," akasema.

"Nizilazeje, baba?"

"Anzia chini."

Nyangwine akazing'oa, akaanza upya. Mzee aliweka fimbo chini, akaishika ngazi kwa mikono miwili.