Mlinda Viatu wa Ijumaa

Mama aliniuliza hilo swali akiwa kitandani kwake Kosele, mto mmoja chini ya kichwa, mwingine chini ya miguu iliyovimba. Daktari alisema moyo umechoka. Mama akamwambia si uongo, umefanya kazi mingi.

"Wuoda," akaniita, mwanangu, "mimi naenda. Lakini niambie kwanza. Umewahi kumskia Mungu? Hata mara moja? Nisikuache ukiwa mtupu. Na usinichekeshe."

Hapo kwa kutochekesha ndio alinimaliza. Mimi bila mzaha ni baiskeli bila cheni, naonekana lakini siendi.

Mama ni Msabato wa kale. Ijumaa jua likitua, kwake maharagwe yameiva, nguo zimepigwa pasi, hata kuku wamekaa kwa adabu. Nilibatizwa mtoni nikiwa kidato cha pili, mwaka ule ule mimi na shule tuliachana, na kitu niliskia ni maji kuingia masikioni. Pasta akaniuliza kama naona mabadiliko. Nikamwambia ndio, sasa naskia upande mmoja.

Na si ati sikutafuta. Nilioa Mkatoliki wa Uriri, nikamfuata misa. Watu wakisimama, mimi ndio napiga magoti. Wakipiga magoti, nimebaki juu peke yangu kama mahindi iliyosahaulika shambani. Halafu jirani akanipeleka mkutano wa uponyaji uwanjani. Mhubiri alikuwa anagusa watu kwa paji la uso, wanaanguka. Zamu yangu ikafika. Nikageuka kwanza kuona kama pako kavu, halafu nikaanguka, kwa heshima tu. Nikiwa pale chini nilikuwa nawaza nani atafua hii shati.

Sasa mama anangoja jibu. Ningeweza kumtengenezea hadithi tamu ya ule mto wa ubatizo. Lakini mtu anaenda safari ya mwisho, huwezi kumpakia uongo abebe.

"Nimemskia, mama. Mara moja."

"Wapi?"

"Homa Bay."

"Kanisa letu?" Akajaribu hata kuinuka.

"Msikitini. Yaani, si ndani. Nje, kwa viatu."

Akarudi kwa mto polepole. Nikamweleza.

Wakati huo nilikuwa napakia simiti na mabati kwa duka la Mwislamu mmoja aliyetoka Pwani. Ijumaa adhuhuri anafunga duka anaenda kuswali. Viatu vilikuwa vinapotea pale mlangoni, akaniambia, "Wewe huswali, basi kaa na viatu." Nikakaa kwa kiti cha plastiki kama mkubwa wa ofisi. Kila mtu akivua nilikuwa na neno. "Mzee, hii soli imeisha, iombee pia." Wakacheka, wakaingia.

Ndani wakaanza kwa Kiarabu. Kiarabu sijui, na hata Kiingereza tuliachana vibaya. Halafu wote wakainama pamoja, paji la uso chini, na ikawa kimya. Nje posho mill ya kusaga unga ilikuwa inanguruma na wamama wa samaki wanaitana, lakini ile kimya ilikuwa chini ya kelele, kama mawe chini ya maji. Nikaangalia vile viatu. Kila mtu ameacha chake hapo, hajui kama atakipata, ameenda kuinama. Kitu ikafunguka hapa kifuani. Sikuona mwanga, sikuskia sauti. Niliskia tu kwamba kuna mwenye ananijua, na mzaha wangu wote, na hajachoka na mimi. Nikalia, machozi na kamasi.

Wakatoka wakanikuta hivyo, nimeinamia viatu.

"Vimeibwa!" mmoja akapiga nduru. Weh! Watu walirukia viatu, huyu amevaa vya yule, mtu wa boda ameshika sandali moja ameinua juu kama mshindi. Bosi wangu akanishika bega.

"Vimeenda vingapi?"

"Hakuna, bosi."

"Sasa walia nini?"

"Sijui."

Akaniangalia sana. "Basi leo umeswali," akasema, akaenda kufungua duka. Hakuniambia nibadili dini. Aliniambia kuna lori inangoja.

Ijumaa zilizofuata nilikaa pale tena nikingojea. Ilikuwa viatu tu.

Hapo nikamaliza. Mama macho yako kwa mabati ya paa. Nikaogopa nimemuua mapema.

"Ilikuwa mchana?" akauliza.

"Mchana kabisa."

"Jua halijatua."

"Bado sana."

Nikamwona anapiga hesabu. Kwake Sabato inaingia jua la Ijumaa likitua, na kabla ya hapo mtu anakimbia huku na kule akitayarisha. "Ijumaa ni siku ya maandalio," akasema mwishowe. "Hata Yeye ilibidi apitie sokoni."

Nilicheka mpaka nikashika kitanda.

"Nilikuambia wewe usichekeshe. Mimi sikujikataza." Halafu sauti ikashuka. "Mimi pia kitu hiyo ilinipata, nikipalilia. Wale watu wa kanisa la kanzu nyeupe walikuwa wanapita na ngoma, wanaenda kuzika mtu wao. Nilikuwa nawadharau, wuoda. Jembe ikaanguka mkononi."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani, baba yako? Angesema ni jua kali."

Sabato ya wiki hiyo mzee wa kanisa akaja na waimbaji. Wakaimba vizuri, mama akifuata kwa midomo. Mzee akanitupia jicho.

"Mama, na huyu kijana wako, roho yake iko aje?" Kijana mwenyewe niko na mvi.

"Amekutana na Bwana," mama akasema.

"Amina! Kanisa gani?"

Nikaangalia mabati. Mama hajawahi kudanganya siku ya Sabato, wala siku ingine.

"Homa Bay," akasema.

"Aa, la mjini."

"Ni mjini." Akafunga macho haraka, mikono pamoja, na mtu akifunga macho hivyo mzee wa kanisa hana njia, lazima aombe. Akaanza. Mama akanifinya kidole chini ya blanketi, bega zinatetemeka. Mzee akadhani analia, akaongeza sauti.