Konokono Waliojifungia

Dada yangu ni dobi wa nyumba ya wageni. Mashuka huyafulia kijitoni, tena amesimama juu ya jiwe. Mguu wake hautii majini hata umuahidi dhahabu. Mumewe alikojoa damu kwa miaka hadi kichocho kikamwondoa. Alipoambiwa vijidudu vya ugonjwa ule hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, dada akawachukia konokono kama wake wenza. Mjukuu anayemlea alipigwa marufuku kukanyaga maji.

Mwaka huu kiangazi kilitukomesha. Kijito kilikatikakatika kikawa vidimbwi, na vidimbwi vikawa matope. Kereng'ende walituhama. Kaa walijichimbia chini. Uduvi walifia palepale, uvundo ukatufuata mpaka jikoni. Konokono walibaki juu ya tope lililopasuka, wamejifungia ndani ya magamba yao, wakavu kama kokoto. Dada alifurahi mpaka nikamwogopa. Alisema wamekwisha, na kwa mara ya kwanza akamruhusu mtoto ashuke akacheze. Mimi kimya cha kule chini sikukipenda, lakini nani atabishana na dada yangu?

Mtoto alirudi na sketi imejaa konokono. Akawatia kwenye beseni bovu nyuma ya nyumba, akamimina maji, na kila siku akawa anakoroga mchuzi wake kwa mikono yote miwili. Wiki zikapita. Tulikuwa tukipita pale tunamtania, tunamuuliza chakula kitaiva lini.

Jana dada alilihitaji beseni. Aliinama, akaganda. Niliposogea niliwaona konokono wamepanda kingo za beseni, pembe nje, wanatambaa taratibu. Walikuwa wameshataga.

Akamwita mtoto, akamuuliza kwa upole kama hao ndio wa kule kijitoni. Upole wa dada yangu unatisha kuliko makelele yake.

"Ndio, bibi. Kumbe walikuwa wamelala tu," mtoto akasema huku anajikuna. "Niliwapa maji wakaamka."

Dada akamshika mikono, akaigeuza kwenye jua. Vipele vilikuwa vimepanda mpaka viwikoni. Tulikuwa tumevipaka mafuta tukidhani ni joto.

"Babu yake alianza hivihivi," dada akaniambia.

Nilimwambia tumkimbize zahanati, siku hizi dawa ipo. Alinisikia. Lakini alikuwa ameshakaa chini kando ya beseni, na mikono ya mtoto hakuiachia.