Majani Madogo ya Mti wa Babu

Nilizaliwa ukimbizini Tanzania. Niliporudi Nyamyumba, walikotoka wazazi wangu, nilikuwa mtu mzima, na maelekezo niliyokuwa nayo ni ya mama tu: tafuta umuvumu, ule mtini mkubwa, kilimani juu ya ziwa, hapo ndipo kwa babu yako. Nyumba haikuwepo. Mti ulikuwepo. Nilichuma jani moja nikalitia ndani ya kitabu changu cha nyimbo, kisha nikajenga pale pale.

Tangu hapo, kila asubuhi nimemshukuru Mungu nikiwa na ufagio mkononi. Nilifagia chini ya ule mti mpaka udongo ukang'aa, na majani nikayachoma. Kwetu ua wenye majani ni aibu, na mimi ni mzee wa kanisa.

Kiangazi cha mwaka jana hofu iliniingia. Majani yalianguka mapema, kingo zake zimeungua kana kwamba yamepitiwa na pasi. Nilitoa lile jani la zamani kitabuni, nikaweka jipya juu yake. Lilikuwa kama kiganja cha mtoto juu ya changu. Nililirudisha haraka, sikumwambia mtu. Tawi kubwa lilifunika chumba wanacholala wajukuu. Na mti ule ukienda, ni nini kingine kitakachoonyesha kwamba babu aliishi hapa?

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikulia Goma. Yeye hakunyamaza.

"Papa, ule muti iko nakauka. Na batoto banalala chini ya tawi."

"Tuombe."

"Tuombe, ndiyo. Lakini kama inaanguka tukiwa tunaomba?"

Usiku huo aliwahamishia watoto chumbani kwake, na asubuhi nilikwenda kumwita bibi kilimo wa sekta, afisa anayeshauri wakulima wa eneo letu. Alikuja na buti zake za mpira, akauzunguka mti polepole. Kila aliposimama, moyo wangu ulisimama naye.

"Mzee, huu umekuzidi umri," alisema. "Mti ukizeeka, maji hupanda juu kwa taabu, kwa hiyo majani huwa madogo. Hilo ni uzee tu, hata wewe sahani yako imepungua. Lakini kingo hizi zilizoungua ni kiu. Kiangazi kimekuwa kirefu, na vumbi la barabara limeyakaba majani. Mti ukizidiwa huyaangusha ili ubaki na maji kidogo."

Kisha akagonga ardhi kwa kisigino. Ililia kama sakafu.

"Nani anafagia hapa?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku, kwa sala."

Aliniangalia kwa huruma. "Majani unayoyafagia ndiyo chakula chake na shuka lake. Mvua ikinyesha hapa inateleza tu kwenda ziwani."

Miaka yote ile nilidhani ninashukuru.

"Bon, basi," mkwe wangu alisema, "ufagio mi naenda kuuficha."

Tulikubaliana hivi: tawi la juu ya chumba likatwe, udongo ulainishwe kidogo bila kugusa mizizi, majani yaachwe. Mvua zikija na mti usichipue, tutaukata wote.

Tawi tulilikata; kuacha majani chini ndiko kulikonitesa. Wazee wenzangu walipita wakacheka: "Ndugu yetu, mgongo umegoma?" Niliitikia kwa kicheko, lakini macho yangu hayakuthubutu kupanda kwenye matawi.

Mvua zilipofika nilikaa ndani wiki mbili nzima. Mkwe wangu ndiye aliyesimama mlangoni.

"Papa, njoo uangalie juu."

"Niambie wewe."

"Majani iko. Madogo, lakini iko."

Nilitoka, nikaangalia, nikamshukuru Mungu. Ufagio sijauomba tena. Ila chumba kile walicholala wajukuu tumekiwekea viazi, na upepo wa ziwa ukianza huwa ninawahesabu wajukuu wote, kisha ninawahesabu tena.