Betri ya Afande Haizeeki

Mume wangu alikuwa askari magereza, mtu wa kuheshimika kabisa, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda miteremko. Nyumba tuliyopanga upande wa Wanyange, nje ya Jinja, tuliichukua kwa sababu ya mteremko. Paa lilivuja, choo kilikuwa cha jirani, na nyoka walipita uani kana kwamba nao wanalipa kodi. Lakini mbele ya mlango ardhi ilishuka vizuri mpaka barabarani, na afande alipoiona tu akamuuliza mwenye nyumba kodi ni kiasi gani, bila hata kuingia ndani. Marafiki nao aliwachagua hivyohivyo. Waliokaa kilimani tulikwenda kuwatembelea. Waliokaa tambarare tuliwatakia heri tukiwa kwetu. Hata kanisa tulibadili. La kwanza lilikuwa na mahubiri mazuri, lakini uwanja wake ulikuwa sawa.

Yote hayo ni kwa sababu ya betri ya gari, ingawa ole wako umwambie hivyo.

"Betri haina kosa," alisema kila siku. Kosa lilikuwa la stata, au la nyaya, au la petroli ya siku hizi, au la upepo wa ziwa, au la jicho la jirani aliyeomba lifti akanyimwa.

Betri ile aliinunua mpya kabisa mwaka alipokwenda Mbale kujitambulisha kwetu. Gari lenyewe, kigari cheupe cha Kijapani, lilikuwa limeshachoshwa na wengine kabla yake, kwa hiyo alitaka angalau kitu kimoja ndani yake kiwe kipya siku ya kuonana na wakwe. Wakati wa kuondoka liliwaka mara moja, wajomba zangu wakapiga makofi. Nadhani makofi yale ndiyo yaliyomharibu. Tangu siku hiyo akaihesabu betri kuwa sehemu ya mahari, na mahari, jamani, itazeekaje?

Lakini ilizeeka, tena mchana kweupe, watu wakitazama. Mwanzoni gari lilinguruma na kuwaka. Baadaye likaanza kujivuta asubuhi, nye, nye, nye, kama mtu anayeamshwa kwenda shamba. Mwishowe ukizungusha ufunguo ulisikia "tk" moja tu, basi. Ukipiga honi, taa zinafifia. Mvua ikinyesha jioni ilibidi tuchague, ama tuone njia, ama tufute kioo. Kwenye vichwa vya betri paliota unga mweupe unaoelekea kijani, akausugua kwa maji moto na mswaki, mswaki wangu, na kesho yake ukaota tena. Ubavu mmoja ulivimba. Maji yalikauka kila wiki, hasa kwenye kile chumba chake cha pembeni, ambacho kilikunywa kuliko askari aliyetoka zamu siku ya mshahara. Suruali zake za kazi zilijaa matundu ya asidi mapajani, nami nikawa fundi wa viraka.

Na dawa, je? Loo! Mtu alimwambia kwamba betri ikikaa juu ya sementi inanyonywa nguvu, basi ikapewa kigoda changu cha jikoni, mimi nikawa napika nimechuchumaa. Mwingine akamwambia aspirini inaiamsha. Akasaga vidonge nilivyonunua kwa ajili ya kichwa changu, kichwa kilichokuwa kinauma kwa sababu ya betri. Msimu wa baridi ililala chumbani kwetu, imefunikwa gunia. Kila Jumamosi aliipeleka Bugembe kwa fundi wa kuchaji, ambaye alimpenda mume wangu kwa moyo wote, maana mteja wa kila wiki hapatikani hivihivi. "Hii bado ina nguvu, afande," fundi alimwambia huku anaunga nyaya. Ni kweli, ilirudi na nguvu za Jumapili. Jumatatu tulisukuma.

Kwa kuwa watu wazima tulikuwa wawili tu, mmoja alisukuma na mwingine alikaa kwenye usukani, na ndivyo nilivyojifunza udereva, ule wa sehemu ya kwanza. Gia ya pili, klachi chini, ngoja lishike kasi, achia. Likiwaka, kanyaga mafuta kidogo, kisha breki, umpishe mwenye gari. Zaidi ya hapo sikufundishwa. Mpaka leo naweza kuwasha gari lolote lililogoma, ila kulipeleka mahali siwezi.

Sasa, mama yangu. Alikuwa mjane wa polisi, akiishi juu ya mji wa Mbale, mlimani, na mimi nilizaliwa kambini, ndiyo maana Kiswahili tulikizungumza mpaka jikoni, wakati majirani wanakiona ni lugha ya kufokea watu. Mama na mume wangu walikuwa hawajaonana hata siku moja. Kwetu, na kwa Wasoga kina mume wangu vilevile, mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Wakivunja mwiko, mikono inaanza kutetemeka na haiachi. Sikuwahi kumwona mtu aliyetetemeka hivyo, lakini kila mtu alimjua mtu aliyemjua mmoja. Kwa hiyo afande akija alikohoa kutoka mbali, mama akazunguka nyuma ya nyumba, na salamu zikapitia kwangu. "Mwambie huyo mtu ahsante kwa sukari," mama alisema. Miaka yote ile jina lake lilikuwa hilo, huyo mtu.

Kisha mama akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Likizo moja nilipowapeleka watoto wangu kwake aliwatambua kwa kuwapapasa vichwa. Aliungua mkono kwa sufuria aliyodhani iko mbali. Mwanamke aliyewahi kuniona naiba karanga akiwa chumba kingine, sasa aliniuliza kama kumekucha! Niliumia sana. Nilirudi Jinja nikilia njia nzima.

Basi habari ikaja kwamba madaktari wa macho wako katika hospitali moja Mbale, na mwisho wa kupokea wagonjwa ni Ijumaa saa sita mchana. Atakayekosa asubiri wakirudi, na hakuna aliyejua kama watarudi. Kule mlimani magari ya abiria yalipanda siku za soko tu, na Ijumaa haikuwa ya soko. Nikasema nitakodi gari mjini. Afande alinuna kana kwamba nimemtukana mama yake. "Mama mkwe wangu abebwe na gari la kukodi, na mimi nina gari?"

"Una gari," nikamwambia. "Huna betri."

"Betri haina kosa."

Tukaondoka alfajiri, tukalisukuma kwenye mteremko wetu, na lilipowaka halikuzimwa tena. Iganga, Bugiri, Tororo, injini inanguruma. Tororo kijana wa petroli alimwambia, "Afande, zima injini kwanza."

"Hii haizimwi."

"Lakini sheria, afande."

"Unamfundisha askari sheria?"

Mwishowe tukanunua petroli kwenye jerikeni, tukaenda kuimimina kando ya barabara kwa jani la mgomba lililokunjwa, gari linanguruma, mimi nasali kwa sauti. Hivyo ndivyo watu wenye busara wanavyosafiri kumwokoa mgonjwa.

Tulipofika kwa mama, uwanja wake ulikuwa umechongwa mlimani, tambarare kama sahani. Afande akaacha injini inawaka, akakohoa, akaenda kujificha nyuma ya zizi la mbuzi kama mila inavyotaka. Mama alikuwa tayari, amevaa gauni lake la gomesi la kanisani, amekaa mlangoni. Nikamshika mkono. Akauliza nani anaendesha.

"Baba watoto."

Akarudi kukaa chini. "Mimi nikae gari moja na mkwe? Afadhali nipofuke."

"Mama, saa sita inafika!"

"Ifike. Nitetemeke mikono uzee huu, niwe kichekesho cha kijiji?"

Nilibembeleza, nikafoka, nikalia. Wakati huo gari likaanza kukohoa, linataka kuzima. Afande akachungulia kutoka zizini, uso umemshuka, anataka kukimbia kulikanyagia mafuta na hawezi kwa sababu mama mkwe yuko mlangoni. Nikakimbia mimi, nikalikanyagia, nikarudi. Likakohoa tena, nikakimbia tena. Hapo hasira zikanipanda kweli.

"Mama," nikasema, "mila inasema usimwone. Wewe unamwona?"

Akafikiri. "Simwoni."

"Unamwona nani?"

"Simwoni mtu yeyote, mwanangu." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakatoka kwenye yale macho yasiyofanya kazi nyingine. "Haya. Niletee shuka."

Akaingia kiti cha nyuma, akajifunika shuka gubigubi. Afande akageuza kioo cha ndani kielekee mlangoni, akaendesha mpaka hospitali akitazama mbele tu. Tulifika wakiwa wanakaribia kufunga orodha, mama akapokewa, mimi nikakaa chini sakafuni kwa furaha.

Afande hakuwa na nafasi ya kufurahi, alikuwa anatafuta mteremko. Hospitali nzima ilikuwa na mmoja tu, nao uko nje ya chumba cha maiti. Basi hapo ndipo alipoegesha, akazima injini kwa mara ya kwanza tangu Jinja, akaja kwetu anatabasamu. Jioni nzima watu walitupa pole. "Poleni sana. Alikuwa mzee?" Mama akauliza mbona tunapewa pole. Nikamwambia watu wa Mbale wana adabu.

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho moja. Mimi nililala sakafuni kando ya kitanda chake, afande kwa askari mwenzake mjini. Asubuhi nesi alimfungua bandeji. Mama alitazama dirisha, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu.

"Umekonda," akasema. "Na hiyo blauzi ina doa."

Sijawahi kusikia maneno matamu kuliko hayo.

Tulipotoka, kigari chetu hakikuwa kwenye mteremko. Alfajiri walinzi walikuwa wamekisukuma mpaka katikati ya uwanja kupisha gari lililoleta marehemu. Uwanja wenyewe, sawasawa. Afande akazungusha ufunguo. Tk. Akafungua boneti, akasugua vichwa vya betri kwa kitambaa, akaipigapiga ubavuni kama mtoto anayecheulishwa. Tk. Akaomba watu wamsaidie kusukuma, lakini kila mtu alikuwa ameliona gari lile lilikotoka, na nani anataka kugusa gari la maiti asubuhi? Wakatupa pole tena, wakapita.

Mama naye aliposikia huyo mtu yuko, akadai shuka yake. "Sasa naona," akasema, "kwa hiyo mila imerudi." Nikamwingiza nyuma, akajifunika. Mimi nikakaa kwenye usukani. Gia ya pili, klachi chini. Afande akaenda nyuma, akaweka viganja kwenye kioo cha nyuma, akasukuma peke yake.

Lilisogea, likasimama. Likasogea tena. Nilimsikia anavyohema. Niliachia klachi, gari likaruka mbele na kunyamaza. Akaanza upya. Nilitaka kumcheka nikashindwa. Nilimwonea huruma.

Nikageuza kile kioo cha ndani nione kama bado ana nguvu, na ndipo nilipoona shuka iko magotini pa mama. Alikuwa amegeuka nyuma kabisa, amepiga magoti juu ya kiti. Uso wake na uso wa afande vilikuwa vinatazamana, kioo tu katikati. Afande hakuweza kukimbilia zizi lolote. Aliinamisha kichwa, akaendelea kusukuma.

"Ni huyu?" mama akauliza.

"Ndiye, mama."

"Mbona amezeeka hivi? Mliniambia ni kijana."

"Alikuwa kijana, mama. Ni betri."

Hakucheka. Aliendelea kumtazama kwa lile jicho jipya, nywele zenye mvi, jasho, viraka vya mapajani. "Na ndiye huyu," akasema, "wa sukari miaka yote." Kisha akafungua kioo cha ubavuni, akatoa kichwa nje mbele ya hospitali nzima, akamwita.

"Mwanangu!"

Afande akasimama.

"Mwanangu, pumzika. Hiyo betri imekufa."

Nilimwambia mimi, miaka na miaka. Jirani, kasisi, na wakubwa zake kazini walimwambia, na kila mmoja alijibiwa kwamba betri haina kosa. Nikasubiri lile jibu.

"Ndiyo, mama," afande akasema. "Ilikufa zamani."

Nikaegemea usukani nikalia. Aliponyanyua mikono kutoka kwenye kioo niliona inatetemeka, yote miwili, kama tulivyoonywa. Mama naye aliiona. Aliitazama vizuri, hakukosa kitu.

"Hiyo ni njaa," akaniambia. "Shuka, kamtafutie chai. Iwe na sukari nyingi."