Mlango wa Ghala la Barafu

Avgusta Lvovna alikuwa hakai kitako. Namjua vizuri, maana kila kiangazi alipanga kwangu, na chai yangu nyingi imepoa ikimngoja. Alizaliwa Leningrad, akasomea hali ya hewa, na wanawake wenzake walipopewa kuchora ramani ofisini, yeye akapanda ndege za mizigo kuja huku kwetu Kolima, kaskazini kwenye baridi, kupima joto la ardhi iliyoganda. Ndiye wa kwanza kusimama mbele ya maprofesa wetu akasema kuwa barafu iliyo chini ya miguu yetu inapata joto mwaka hadi mwaka. Walicheka, wajinga wale. Mmoja aliuliza kama vipimajoto vyake vinakunywa vodka.

Kijijini kwetu alipimia ndani ya ghala, shimo refu lililochimbwa ardhini, ambamo kila nyumba huweka samaki na nyama ya kulungu. Wakati wa baridi kali tunaliacha wazi linywe baridi. Kiangazi mtu huingia mbio, akatoka mbio, akafunga. Avgusta aliingia asubuhi, mchana na jioni. Basi kuta zilipoanza kutoa maji, watu hawakwenda mbali kutafuta mchawi.

Glikeria, mshika funguo za ghala, alimkabili mlangoni.

"Wewe mama, makalio yako yameota miba? Kutwa ndani, nje, ndani, nje. Umetuingizia jua lote humu, halafu unatuambia dunia inapata joto!"

Nilitaka kumtolea uvivu, lakini Avgusta alinishika mkono. Kama Glikeria alisema kweli, basi maprofesa walikuwa na haki ya kucheka, na Avgusta ujana wake wote ameumaliza akipima kosa lake mwenyewe.

"Fungeni," akasema. "Nisiingie mimi, asiingie mtu, mpaka theluji ianguke."

Kijiji kikakubali. Samaki waliomo wakabaki humo, na wapya tukawakausha na kuwatia chumvi.

Kiangazi kile nusura Avgusta aniue. Alipasua kuni nisizomtuma, akasugua sakafu iliyokwisha kusuguliwa, akaenda mpaka ghalani, akabandika kiganja mlangoni, akarudi. Nilimwambia akae au nimfunge kamba. Akanijibu kuwa amekaa, naye amesimama.

Theluji ilipoanguka, Glikeria alifungua kwa mkono wake mwenyewe. Harufu ilitoka kabla hatujaingia. Chini, maji yalifika magotini na samaki wetu wa majira ya baridi walikuwa wakielea, wameoza. Glikeria alivua shali yake, akamfunika Avgusta mabegani.

"Nisamehe, dada. Ulisema kweli."

Avgusta akaketi pale pale kwenye tope. Sikuwahi kumwona ameketi hivyo. Alilia mpaka nikaogopa, nikachutama kando yake.

"Kiangazi chote nimeomba kosa liwe langu," akaniambia. "Lingekuwa langu, tungefunga mlango, yakaisha."